Mtihani wa Kikombe

Umeme uliisha Jumamosi asubuhi, katikati ya shati la Obonyo. Mkono mmoja wa shati ulikuwa umeshanyooka, wa pili bado una mikunjo, na pasi ikaanza kupoa juu yake. Obonyo akatoka hadi uani akiwa na fulana tu, shati mkononi, akaenda moja kwa moja kwenye mita iliyopigiliwa ukutani karibu na lango. Mita ilionyesha sifuri. Hakuwa na haja ya kuita mtu, maana milango yote ilikuwa imeshafunguka na vichwa vimeshachungulia.

"Juzi tu!" akasema. "Juzi tu nimejaza yaka, pesa ya watu wote, na leo imekwisha. Yawa, kwani humu ndani kuna mtu anachomelea mageti?"

Yaka ndiyo huo umeme wa kulipia kabla ya kuutumia, na katika ua wa Hajati Rehemah, hapo Katwe, wapangaji wote waliutumia kutoka mita moja. Desturi yao ilikuwa rahisi: kila chumba kinatoa sawa, mtu awe na taa tupu au awe na pasi na redio na birika, ila mwenye friji anatoa mara mbili. Aliyekusanya ni Obonyo, kwa sababu alikuwa Mkenya mwenye kazi ya mshahara katika duka la vifaa vya ujenzi huko Nakivubo, na watu waliamini kwamba mtu wa mshahara hawezi kukimbia na pesa ya taa. Mwenye friji alikuwa mmoja tu. Basi walipomaliza kuitazama mita, wakageuka wote kuutazama mlango wa Hortense.

Hortense alikuwa ameketi mlangoni pake akijaza juisi ya matunda katika vifuko vyembamba vya plastiki na kuvifunga fundo. Ndiyo kazi aliyoianza walipofika kutoka Bukavu: kugandisha juisi na kuwauzia watoto wa shule wanapotoka mchana na kiu yao. Mume wake, Mugisho, alitengeneza na kuuza friji za mitumba, na siku aliyouza moja nyumba ilikula nyama. Lakini friji haziuzwi kila siku, na barafu iliuzwa kila siku. Kodi ya chumba, unga, shule ya binti yao Marlène, vyote vilitoka ndani ya ile friji nyeupe iliyosimama pembeni ya kitanda. Ikiondoka friji, nao wangeondoka.

"Mnaniangalia nini?" akauliza. "Natoa mara mbili. Hata safari hii nimetoa mara mbili."

"Mama Marlène, hakuna anayekusema vibaya," Obonyo akajibu, huku akimsema vibaya kwa macho. "Ila pasi yangu inalala wiki nzima. Friji yako hailali."

Kana kwamba balaa limeagizwa, lango likasukumwa na Hajati Rehemah mwenyewe akaingia. Alikuwa ameteremka kutoka nyumbani kwake Old Kampala kuchukua kodi, na siku hiyo, kwa bahati mbaya ya watu, aliwahi. Akawasikiliza mpaka mwisho, akajifunga upya kitambaa cha kichwani.

"Banange! Mimi nimejenga nyumba ya kulala watu, hapana fakitoli ya balafu. Kila mwezi maneno ni umeme, umeme. Nimechoka mimi. Hiyo filiji itoke. Nikija Jumapili ya wiki ijayo nisiione. Ama itoke na mwenyewe."

"Hajati, tafadhali." Hortense akainuka, mikono inadondoka juisi. "Kwa nini unasema ni frigo? Umejua namna gani?"

Watu wakacheka. Pale uani walimwita Mama Kwa Nini, na jina hilo hawakumpa bure. Huyu ndiye mwanamke aliyelifuata gari la maji kwa miguu hadi linakojazwa, kisa anataka kujua kwa nini maji ya Jumatatu yana harufu na ya Alhamisi hayana. Akarudi na vumbi mpaka kwenye nyusi, hana jibu, lakini hana majuto.

"Kila mtu najua ni filiji," Hajati akasema.

"Kila mtu anajua, Hajati, lakini nani ameona?"

Ukweli ni kwamba hakuna aliyekuwa ameona. Walikuwa wakiituhumu ile friji kwa ukubwa wake tu.

Wakati huo Mugisho akatoka chumbani, redio ya betri imebanwa sikioni, anapunga mkono watu wanyamaze. Ugomvi wote ule hakuwa ameusikia.

"Sikilizeni! Sikilizeni, inatuhusu sisi!"

Redio ilikuwa ikisema habari za bunge. Hapo nyuma serikali ilitaka kuweka kikomo cha umeme: friji, pasi, birika, kila kifaa cha nyumbani kikizidisha kiasi fulani kisiuzwe nchini. Sasa wabunge kadhaa walikuwa wameleta muswada wa kuifunga serikali mikono, isiwe na uwezo wa kupanga kifaa cha mtu kitumie umeme kiasi gani. Mwananchi achague mwenyewe, redio ikasema. Na kamati ya bunge ingefika Katwe siku ya Alhamisi kuwasikiliza mafundi.

"Njo vile!" Mugisho akapiga paja, kwa "ndivyo" ya kwao Bukavu. "Ile sheria ya kikomo ingepita, frigo zote za Katwe zingekuwa chuma chakavu. Na mafundi wenzangu wamenichagua miye nionyeshe kazi mbele ya wabunge. Na nitaonyesha na frigo yetu, mama Marlène. Hakuna inayogandisha haraka kama ile."

Akatabasamu, akitazama uso mmoja hadi mwingine. Hakuna aliyetabasamu naye.

"Kwani nini?" akauliza.

*

Wazo lilikuwa la Hortense, na baadaye alijilaumu nusu yake tu. Chini ya tarakimu za mita kulikuwa na taa ndogo nyekundu, ndogo kama punje ya mtama, na Obonyo alikuwa ameelezwa kazini kwamba taa hiyo hupepesa kwa kadiri umeme unavyoliwa. Ukiliwa kidogo, inapepesa kivivu. Ukiliwa sana, inakwenda mbio.

"Basi si tuzime vyote," Hortense akasema, "halafu tuwashe kimoja kimoja, tuitazame?"

Jumamosi ile hawakuwa na kazi nyingine yenye raha kuliko hiyo. Obonyo akanunua yaka ya kuanzia kwa simu yake, huku akinung'unika kwamba atadai. Vyumba vyote vikazimwa. Taa nyekundu ikalala. Wakawasha balbu za ua mzima kwa pamoja, ikapepesa kidogo na kupumzika, mtu akasema, "Ona, taa zetu hazina hatia!" Likaja birika la Obonyo. Loo! Taa ilitetemeka mpaka watoto wakapiga kelele, na Obonyo akasogea nyuma kama aliyeshikwa na mali ya wizi.

"Inachemka mara moja tu!" akajitetea. "Inachemka, inaisha!"

Kweli, birika lilichemka, likajizima, na taa ikalala tena. Pasi nayo vivyo hivyo, mbio halafu kimya. Hajati Rehemah, aliyekuwa amekaa kwenye kibao akijifanya anahesabu kodi, sasa alikuwa amesimama mbele ya wote.

"Filiji," akasema.

Hortense akaingia chumbani mwenyewe na kuichomeka. Alipotoka, taa ilikuwa inapepesa, si kwa wazimu wa birika, lakini kwa kasi. Wakangoja inyamaze. Watoto wakachoka wakaenda kucheza. Adhuhuri ikafika, Hajati akaenda kuswali ndani kwa jirani, akaswali, akarudi, akavaa viatu vyake taratibu, akatazama. Taa bado inapepesa vilevile, haijapunguza hata kidogo.

"Uliuliza nani ameona," Hajati akamwambia, na sauti yake haikuwa na ukali tena, ndiyo maana iliuma zaidi. "Leo wote tumeona, nnyabo."

Hortense aliona haya mpaka masikio yakamchoma. Ushahidi ameuleta yeye mwenyewe, mbele ya watu, kwa mikono yake. Jirani mmoja akacheka, mwingine akamwonea huruma, na huruma ndiyo iliyomshinda. Akainama akajifanya anaokota kifuko kilichoanguka. Lakini hata pale alipoinama, kitu kilikuwa kinamwasha kichwani.

"Ya dukani kwetu iko saizi ileile," Obonyo akasema pole pole, kama anayejisemea. "Ile ya soda. Lakini hiyo hunguruma, halafu inanyamaza, halafu inanguruma. Yako sijawahi kuisikia ikinyamaza. Mimi nilidhani ni ukuta mwembamba."

"Kwa nini hainyamazi?" Hortense akauliza.

Obonyo akainua mabega. Hilo si la muuza misumari.

*

Jumatatu Hortense akaenda kwa Mugisho kazini. Banda lake lilikuwa katikati ya wachomelea vyuma na wafua masufuria, kelele juu ya kelele, friji zimepangwa milango wazi. Alimkuta na mteja, mzee mmoja mrefu aliyestaafu jeshi, aitwaye Ogwal, ambaye Kiswahili alikipata kambini na hakukusudia kukirekebisha.

"Mimi nataka friji ya kazi," Ogwal alikuwa anasema. "Hapana ya kuweka maua. Mimi taanza kuuza soda na maji baridi pale kwangu. Kikombe iko hapa."

Akatoa mfukoni kikombe cha bati cha jeshini. Mtu wa Katwe hashangai kwa hilo, kwa kuwa friji pale haziuzwi kwa maneno. Mnunuzi anakuja na kikombe chake mwenyewe, asije akachezewa. Anakijaza maji, anakiweka ndani ya friza, anakwenda kununua chapati na mayai, anakula, anarudi. Akikuta maji yameshika ngozi ya barafu, anatoa pesa. Akikuta maji ni maji, anachukua kikombe chake na kuingia banda la jirani. Mafundi wameishi na kufa kwa kikombe hicho. Na Mugisho kikombe kilimpenda. Mpaka wenzake walimwita Fundi Barafu.

Ogwal akaweka kikombe, akaenda, akarudi anajifuta mdomo. Barafu imeshika. Akaigonga kwa ukucha, akaridhika.

"Hii mzuri. Pensheni ikitoka, mimi narudi. Usiuze."

Alipoondoka, Hortense hakusema habari za nyumbani kwanza. Alikuwa ameona friji ndogo pembeni, ambayo haijaguswa bado, imefika na vumbi lake la ng'ambo. Akaizunguka. Nyuma, chini kabisa, ilikaa mota yake, jungu jeusi la chuma, dogo kama sufuria ya kukaangia kitunguu. Kisha akazunguka ile ya Ogwal. Mota yake ilikuwa sufuria ya harusi.

"Mugisho. Mbona hii ni kubwa hivi?"

"Ya frigo ya duka, zile za kuwekea nyama," Mugisho akasema, anajifuta grisi. "Tunatoa ile ndogo, tunaweka hii. Na kile kidude cha kuizima ikishapoa nakitoa pia, isipumzike pumzike. Bila vile, kikombe hakigandi mtu akila chapati."

"Na yetu?"

Mugisho akasita na kitambaa mkononi. "Yetu iko vile vile."

"Mungu wangu. Mugisho!"

"Weye ndiye ulichagua!" Sauti yake ilipanda juu ya nyundo za jirani. "Nilikuwekea mbili, mama Marlène, ndogo na hii. Ukaleta kikombe chako, kile cha maua, ukaweka huku na huku. Ukasema, hii ndiyo, imeganda upesi. Nilikulazimisha?"

Ilikuwa kweli kabisa. Hortense alikumbuka hata furaha yake siku ile, alivyogeuza kikombe juu chini na maji yasianguke, na Marlène akapiga makofi.

"Hukunilazimisha," akasema mwishowe. "Lakini weye ulijua kuna swali la pili. Miye nilijua la kikombe tu. Umeniuzia kama mtu wa njiani."

"Sikujua inakula hivyo," Mugisho akasema, na sauti ilikuwa imeshuka. "Nilijua inakula. Kiasi gani, sikujua. Hapa umeme uko ndani ya kodi ya banda, hakuna mita ninayoangalia. Nyumbani unalipa weye na pesa ya barafu." Akaikunja kunja ile nguo ya grisi. "Alhamisi ipite tu. Wote wananitegemea. Alhamisi ipite, tutazungumza."

Hortense akarudi nyumbani kwa miguu. Alikuwa na hasira, na hasira haikumzuia kufikiri kwamba Mugisho hakusema uongo hata mahali pamoja. Jambo hilo lilimsumbua kuliko kama angedanganywa.

*

Alhamisi vijana wa Katwe wakaibeba friji nyeupe kwa mkokoteni hadi ukumbini, ambako kamati ya bunge ingewasikiliza mafundi. Hortense akaifuata nyuma kama anayesindikiza maiti, na Hajati Rehemah, aliyesikia kwamba friji inatolewa, alikuja kuhakikisha kwa macho yake kwamba imetoka. Obonyo aliomba ruhusa kazini. Alisema ni homa.

Ukumbi ulijaa wafua vyuma, mafundi wa friji, wauza mitumba. Wabunge walikaa mbele mezani, na aliyeongoza alikuwa mheshimiwa mnene mwenye ucheshi, aliyeongea Kiswahili ili watu wa kila kabila waliojaa pale wamsikie. Mugisho alivaa suti yake ya kanisani. Akamwomba mheshimiwa mwenyewe aweke kikombe cha maji ndani ya friza kwa mkono wake, ili asije kudhaniwa amefanya mazingaombwe. Mheshimiwa akaweka. Mafundi wakasema yao, mmoja kuhusu kodi, mwingine kuhusu watoto, wa tatu kuhusu kodi tena. Kisha Mugisho akafungua friza na kumkabidhi kikombe. Mheshimiwa akakipindua juu ya karatasi zake, na hakuna tone lililoanguka.

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Mugisho akang'aa uso mzima, na Hortense, pamoja na hasira yake yote, moyo ukamruka kwa fahari. Hajawahi kumwona mumewe anapigiwa makofi katika nchi hii.

"Mnaona?" mheshimiwa akasema. "Hiki ndicho muswada wetu unachotetea. Mtu ana macho, ana kikombe, anachagua. Serikali itamfundisha nini? Nani mwenye friji hii?"

Vidole vikamwelekea Hortense. Akasimama.

"Mama, ulichagua mwenyewe, au serikali ilikuchagulia?"

"Nilichagua mwenyewe, Mheshimiwa."

Makofi tena. Mugisho akapumua, na Hortense alimwona akipumua. Angekaa sasa hivi, yote yangekwisha vizuri. Mumewe angebaki Fundi Barafu, mafundi wangemsifu. Lakini friji ilikuwa inanguruma pale mbele, haijanyamaza tangu ilipochomekwa, na Jumapili ilikuwa inakuja.

"Samahani, Mheshimiwa. Miye nina swali. Mita ya ukumbi huu iko wapi?"

Mheshimiwa akacheka. "Mita? Ya nini, mama?"

"Nataka uione taa yake. Kikombe umeona. Nilichagua kwa kikombe, kwa sababu sikujua kuna kingine cha kutazama. Sasa nimejua, na nashindwa kuilisha."

Kicheko kikapita ukumbini, kile cha watu wanaoona mtu amekosea mahali pa kusema. Mtu nyuma akapaza sauti, "Kaa chini, mama, unamwaga ugali wetu!" Mheshimiwa akainua mkono kwa upole, akasema mita ni mali ya ukumbi, haimo katika shughuli za leo, na akamshukuru kwa mchango wake. Hortense alibaki amesimama, hajui akae au atoke.

"Iko nje hapa, karibu na mulango!" Hiyo ilikuwa sauti ya Hajati Rehemah, ambaye popote aingiapo hutafuta mita kwanza. "Mimi nimeiona. Njoo, nnyabo."

Wakatoka wachache: Hajati, Obonyo mwenye homa yake, mafundi wawili watatu wa pembeni. Hortense akaonyesha. Obonyo akajipenyeza ndani akaichomoa friji. Taa ikapepesa kivivu, kwa taa za ukumbi tu. Akaichomeka. Ikaanza mbio. Mafundi wakatazamana. Alipogeuka, Hortense akamkuta Mugisho nyuma yake na suti yake ya kanisani, mikono imening'inia. Aliitazama ile taa kwa muda mrefu, kama mtu anayeonyeshwa mtoto wake ana tabia gani akiwa kwa watu.

"Njo hii unalipa?" akauliza kwa sauti ndogo. "Kila siku njo hii?"

"Njo hii," Hortense akasema.

*

Ijumaa, mchana kweupe, Mugisho alikaa uani na spana zake, friji imelazwa chini, wapangaji wamemzunguka kama wanaotazama jino likitolewa. Akaitoa mota ya duka la nyama. Akaweka ile ndogo aliyoitoa katika friji ya vumbi la ng'ambo, akajaza gesi, akarudisha na kidude cha kuizima. Mafundi wenzake tangu jana hawakumsalimu, na alikuwa ameanza kujua hilo litamgharimu nini. Hortense alikaa karibu akamshikia skrubu.

Jumapili Hajati Rehemah akaja, akaikuta friji palepale, akavuta pumzi ya kuanza. Obonyo akamshika kiwiko kwa heshima na kumpeleka kwenye mita. Taa ilipepesa taratibu. Kisha chumbani kitu kikafanya "tik," ngurumo ikakatika, na taa ikalala kabisa. Ua mzima ukashangilia kana kwamba timu imefunga bao.

"Kale, haya," Hajati akasema baada ya kuitazama sana. "Ibaki. Lakini mara mbili inalipa bado."

"Kwa nini?" Hortense akauliza, na safari hii hata Hajati alicheka.

Ilibaki, lakini kazi ilibadilika. Juisi iliyokuwa inaganda asubuhi ile ile sasa ilitaka kuwekwa jana yake, na siku za kwanza aliwapa watoto vifuko vilivyoganda nje na laini ndani, wakamnunia. Yaka ya ua ilidumu. Redio ikasema kamati imeupendekeza ule muswada, kila mtu achague mwenyewe, na Mugisho akaizima bila kupiga paja.

Pensheni ikatoka, Ogwal akarudi. Hortense alikuwa bandani siku hiyo, amemletea mumewe chakula. Friji ya mzee nayo ilikuwa imeshatolewa mota kubwa na kuwekewa ndogo. Mugisho alimweleza, akamwonyesha hata mita aliyoinunua mwenyewe na kuifunga ukutani juma lile, akaeleza tena. Ogwal akasikiliza kwa subira ya kijeshi, akajaza kikombe chake cha bati, akakiweka, akaenda kula chapati, akarudi. Akaingiza kidole.

"Hii maji," akasema.

"Afande, ingoje. Itaganda, lakini—"

"Ile siku iliganda. Fundi, wewe umeiharibu." Akafunga mlango wa friji, akaingia banda la jirani, ambako mtu alikuwa anamwita kwa kumpungia kikombe.

Mugisho akakaa juu ya debe. Chakula hakukigusa. "Fundi Barafu," akasema, akacheka bila furaha. "Nifanye nini sasa? Nirudishe ile kubwa? Niambie weye, Mama Kwa Nini."

Hortense alitamani kumwambia umefanya vema, Mungu ataona. Hakuweza kusema hivyo na kumtazama usoni.

"Miye pia ningeondoka," akasema. "Siku ile na kikombe changu cha maua. Ungenieleza mpaka jioni, ningeondoka tu."

Baadaye kidogo akamlisha tonge la kwanza kwa mkono wake, na Mugisho akala. Nyundo za jirani zilipiga, zikapumzika. Jua lilikuwa limeshaanza kuingia bandani kwa upande wa chini aliporudi Ogwal, mkono mmoja mfukoni.

"Kikombe yangu," akasema. "Mimi nilisahau ndani."

Hortense akamfungulia friza. Kikombe kilikuwa kimeganda mpaka chini. Ogwal akakipindua, akakigonga, barafu haikutoka. Akakunja uso. Friji ikafanya "tik" na kunyamaza. Mzee akainama, akaitazama nyuma, akaangalia waya ulikopita, akaufuata kwa kidole hadi ukutani, kwenye mita, kwenye taa nyekundu iliyokuwa imelala. Kwa jirani friji zilikuwa bado zinanguruma.

"Sasa hii," akasema pole pole, "kwa nini imenyamaza, na maji iko barafu?"

Hortense akakivuta kibao, akakipangusa vumbi kwa kanga yake, akakiweka mbele ya mita.

"Kaa hapa, mzee," akasema. "Kaa, tuangalie."